Ada ya Mwenzetu wa Nalasi

Mimi nina hasira. Sisemi kwa kujisifu. Ndugu zangu wanajua, majirani wa mtaa wetu wa Mshangano, hapa Songea, wanajua, hata padri aliyembatiza mwanangu anajua, maana nilibishana naye palepale kanisani siku ya ubatizo. Nasema mapema ili usije ukafika katikati ya habari hii ukajiuliza mtu mwenye akili timamu aliwezaje kufanya vile. Nilifanya kwa hasira, na hasira zilipokwisha mambo yalikuwa yameshaharibika. Mama yangu ameshatangulia mbele ya haki, hawezi tena kusoma haya wala kusomewa, ndiyo maana naandika.

Tulikuwa watatu, vichaa wa kompyuta. Wakati ule biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kona ya Songea kuna mtu anauza kitu kilichotoka nje: redio, mitumba, betri za siku mbili, na simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia, wenye nazo wakizivaa kiunoni hata kama ndani hakuna salio. Kompyuta zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Maofisini zilifunikwa vitambaa vya kufuma na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Sisi tulijifunzia parokiani, kozi ya miezi mitatu, wanafunzi wanne kwenye kiti kimoja. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasoma uhazili, nikachoka kugonga taipureta. Wa pili alikuwa kijana mrefu kutoka Ruhuwiko, mtoto wa fundi redio, mtu wa kufungua kila kitu kwa bisibisi hata kisichoharibika. Wa tatu ndiye mwenye habari hii. Kwao Nalasi, kule Tunduru, baba yake mkulima wa korosho. Alikuja Songea kusoma kidato cha tano na cha sita, akapanga chumba uani kwetu.

Huyu mwenzetu wa Nalasi alikuwa na kichwa, jamani. Nimekutana na wasomi wengi baada yake, wenye vyeti vya kubandika ukutani, sijaona kichwa kile. Alikuwa anaandika programu kwenye daftari la mraba, kwa kalamu ya wino, ukurasa baada ya ukurasa, kompyuta haipo wala dalili ya kompyuta haipo. Ikifika Jumamosi anakwenda parokiani, anaipiga kwenye mashine yote kwa mkupuo, na inakubali. Mimi nikiandika mistari mitano, mitatu ina makosa. Nilimwonea wivu, nikampenda, nikamfanya ndugu.

Mama alimpenda zaidi. Mama alikuwa anakaanga maandazi na kuyapeleka stendi asubuhi, na yule kijana alikuwa anaamka naye kuchota maji kabla ya kwenda shule. Sisi Wakatoliki, yeye Mwislamu, mwezi wa Ramadhani Mama alikuwa anamtunzia uji wa kufuturu na kumfokea asichelewe. Alimwita mwanangu bila kufikiri. Mimi niliitwa mwanangu siku za sikukuu.

Sasa Mama alikuwa kwenye kikundi cha mkopo. Wengi mnavijua, ila kwa asiyejua nieleze. Mnakaa wanawake watano mnaoaminiana. Hamtoi hati ya nyumba wala ya shamba, dhamana ni nyinyi wenyewe kwa wenyewe. Kila Jumatano mnakutana kwenye baraza ya mmoja wenu, afisa mikopo anakaa na daftari, kila mtu anaweka rejesho lake mezani. Mmoja akikosa, wanne wanamlipia, na hakuna kuondoka mpaka hela itimie, hata kama mtoto analia nyumbani. Kabla ya kukopeshwa, afisa anakuja kwako, anaandika vitu vya ndani: makochi, redio, baiskeli, kitanda na godoro lake. Ukishindwa, si afisa anayekuja kuvibeba. Wanaokuja ni wale wenzako wanne.

Kwa mkopo wa kwanza wa Mama tulinunua kompyuta ya mtumba na printa, tukafungua stesheneri kwenye chumba kimoja karibu na soko. Tulichapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, kadi za harusi. Watu walikuwa wanakuja kututazama tu. Rejesho lilikuwa linapatikana, na la ziada linapatikana, mkopo ukaisha kabla ya siku. Tukajiona wajanja sana.

Kisha matokeo ya kidato cha sita yakatoka, mwenzetu akafaulu vizuri kabisa, akachaguliwa chuo kikuu Dar es Salaam, kusoma kompyuta. Nililia kwa furaha na sikuona haya. Lakini miaka ile serikali ilikuwa imeshaanza kusema kila mtu achangie. Ilikuwa inamkopesha mwanafunzi sehemu, na sehemu nyingine unakuja nayo mwenyewe, taslimu, kabla ya kusajiliwa. Usiposajiliwa ndani ya wiki mbili, nafasi anapewa mwingine. Akaenda Nalasi kwa baba yake. Akarudi siku ya nne na kuku wawili na karatasi. Waliochukua korosho za baba yake walikuwa wamempa stakabadhi, hela watampa wakishauza. Lini? Hakuna anayejua.

"Basi mama, nitaomba tena mwakani," akamwambia Mama.

"Mwakani nani? Akili kama hiyo ikalime korosho?" Mama akasema. "Wewe kaa chini."

Mama akachukua mkopo wa pili, mkubwa mara mbili ya ule wa kwanza. Kwa kikundi alisema ni wa mashine ya fotokopi. Hiyo alijua ni uongo, na sisi watatu tulijua, na wale wanawake wanne walisaini kwa kumwamini.

Msifikiri tuliingia kichwa kichwa. Tulikaa kwenye kompyuta yetu siku mbili nzima tukatengeneza jedwali. Safu moja marejesho ya kila Jumatano, safu nyingine mapato ya stesheneri, safu ya tatu bumu, yaani ile hela ya kujikimu ambayo mwanafunzi anapewa chuoni kutokana na mkopo wa serikali. Yeye atakuwa anatuma nusu ya bumu kila muhula. Tukapiga hesabu, chini kabisa ikabaki chenji. Tulifurahi! Tukalichapa, tukalibandika ukutani, likiwa na mistari myeusi pembeni na kichwa cha habari kwa herufi nzito. Mtu angetuambia hela hiyo haipo duniani tungemwonyesha karatasi. Hatukuweka safu ya bumu kuchelewa, wala ya printa kuharibika, wala ya wiki ambayo hakuna umeme. Kompyuta ilikuwa imejumlisha, basi, kwetu ilikuwa imelipa.

Akaondoka na basi la alfajiri, sanduku la bati na daftari zake za mraba. Akasajiliwa. Akatuandikia kwamba huko kuna chumba kizima cha kompyuta, unaingia unapotaka, na amefunguliwa barua pepe. Mji wetu nao ulikuwa umepata duka la intaneti, moja tu, kwa dakika na kwa bei ya kukutoa machozi. Tukawa tunaandikiana mara moja kwa wiki.

Bumu la kwanza lilichelewa. Jedwali lilisema wiki ya kwanza, lilitoka mwezi wa pili. Alituma zaidi ya nusu, nikasema sawa, amefidia. Printa ikafa, yule mrefu akaifungua kwa bisibisi, ikafa zaidi. Umeme wetu ulikuwa wa mitambo ya dizeli, mafuta yakikwama njiani mji mzima unakaa gizani, na stesheneri bila umeme ni chumba chenye kiti. Tulianza kukopa hapa tukalipe pale. Yule mrefu alichukua monita kwa mali kauli, yaani auze kwanza ndipo alipe, kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, akauza, hela ikaenda kwenye rejesho, akawa anapita uchochoroni kumkwepa. Kila asubuhi tulikuwa tunafungua duka tukiwa tayari tunadaiwa na watu watatu. Muhula wa pili bumu halikuonekana kabisa. Nikamwandikia, akajibu kwa upole, bado, dada, wanasema wiki ijayo. Wiki ijayo nayo hivyohivyo. Mimi upole wake ndio ulikuwa unanichoma.

Jumatano moja Mama alikwenda kikaoni akiwa amekosa marejesho matatu. Walikaa tangu asubuhi. Wale wenzake walikuwa wameshamlipia wiki mbili, na mmoja alikuwa amesema wazi kwamba fotokopi hiyo mbona hatuioni? Saa kumi jioni nikawaona wanakuja nyumbani na mkokoteni. Mbele yao mwenyekiti wa kikundi, mama yangu wa ubatizo, yule aliyenishika mbele ya kisima cha ubatizo nikiwa mchanga. Hakunitazama. Wakaingia ndani wakaanza kubeba makochi.

Makochi yale yalikuwa makubwa, hayakupita mlangoni. Wakawa wanayasukuma wanakwama. Mama akasimama, akafunga khanga kiunoni, akasema, "Hapana, mnayageuza vibaya. Ulazeni mgongo kwanza." Akawasaidia. Mama yangu aliwasaidia kutoa makochi yake mwenyewe, akapanga na mito juu ya mkokoteni isije ikachafuka. Njia nzima watu walikuwa wanarudi kutoka mjini, wamesimama wanatazama.

Nikaenda mjini kwa miguu, haraka haraka, nikaingia kwenye intaneti, nikakaa. Nikamwandikia hivi, nakumbuka kila neno: "Mama yuko hospitali. Amezimia kwa sababu ya deni lako, hawajui kama ataamka. Wamebeba mpaka makochi. Wewe endelea kula bumu." Nikabonyeza kutuma. Nilijua mitihani yake inaanza Ijumaa, alikuwa ameniambia. Nilijua, na nikasema moyoni, acha naye aumie kidogo.

Usingizi ulinishusha hasira. Alhamisi asubuhi nilimwona Mama anakanda unga wa maandazi, mzima, anaimba wimbo wa kwaya. Nikakimbia mjini niandike barua nyingine ya kufuta ile. Hakuna umeme. Mafuta ya mitambo yamekwama njiani, wanasema labda kesho. Nikaenda kibanda cha simu, nikapiga namba ya ofisi ya mabweni, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Hela ikaisha. Ijumaa umeme bado. Nilikaa kwenye ngazi ya duka la intaneti kutwa nzima na mwenye duka akawa ananiambia, "Dada, nenda nyumbani, hata ukikaa hapa hauji." Nilimtukana, maskini, hakuwa na kosa.

Jumamosi asubuhi alifika. Basi lilikuwa limeingia usiku, alilala ndani yake pale stendi mpaka kukapambazuka, kisha akatembea mpaka Mshangano. Mama alikuwa uani kwenye karai lake la mafuta. Mimi nilikuwa nafua. Nikamwona anatokea kwenye uchochoro, mwembamba, shingo imekuwa ndefu, shati linamning'inia, na alipomwona Mama amekaa kwenye kigoda anageuza maandazi alisimama ghafla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu! Eh! Mbona bila taarifa? Mmefunga chuo?"

Akanitazama mimi. Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu. Sijui aliona nini usoni kwangu, ila alielewa, kwa sababu alikuwa na kile kichwa. Akamgeukia Mama.

"Tumefunga, mama."

Akatoa bahasha mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Mama akachungulia ndani, akamshukuru Mungu kwa sauti, bumu limetoka! Akamkalisha, akamjazia maandazi kwenye sahani, na yule kijana alikula maandazi kumi na mawili bila kupumua. Nilihesabu, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

Baadaye tulikaa nyuma ya choo, mahali ambapo Mama hasikii. Akaniuliza, "Dada, mama aliumwa nini?"

Nikamwambia hakuumwa.

"Hakuzimia?"

"Hakuzimia. Nilikuwa na hasira."

Nilisubiri anipige, wallahi nilitaka anipige. Akasema, "Alhamdulillah," na alikuwa anamaanisha. Alimshukuru Mungu kwamba Mama ni mzima. Ile bahasha haikuwa bumu. Wenzake wa bwenini walikuwa wamechanga, kila mtu alichonacho, kwa ajili ya hospitali. Bumu halikuwa limetoka kwa mtu yeyote, na yeye tangu mwezi uliopita alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku, kwa sababu lile la mwanzo alikuwa ametutumia karibu lote. Mtihani wa kwanza ulikuwa umefanyika jana yake asubuhi, yeye akiwa ndani ya basi.

Hapo bado mambo yangeokoka. Alisema chuo kinamsikiliza mtu aliyekosa mtihani kwa sababu ya ugonjwa wa mzazi, ila lazima alete barua ya hospitali. Barua tungeipata wapi, na mgonjwa mwenyewe anakaanga maandazi? Yule mrefu, tulipomweleza, akasema, jamani, sisi si tuna kompyuta? Mwenzetu akakataa. Akasema anaenda kuwaambia ukweli, kwamba alipata taarifa isiyo sahihi. Mimi nikamvaa. Nikamwambia nani atakuamini, unataka kupoteza chuo kwa sababu ya uungwana, na Mama ametoa makochi kwa ajili yako? Nililitaja kochi tena. Akakubali.

Umeme ulirudi Jumapili. Nikaichapa barua ile mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Na niseme kweli, niliona raha kuichapa. Nilitaka iwe nzuri kuliko barua yoyote niliyowahi kuchapa. Jina la hospitali juu katikati, herufi nzito, mstari mwembamba chini yake. Pambizo zimenyooka kushoto na kulia. Jina la Mama, siku aliyolazwa, siku aliyotoka, presha ya kupanda. Yule mrefu alichonga muhuri kwenye soli ya kandambili. Tukaitazama tukasema, hii hata mganga mkuu mwenyewe ataikubali. Akaondoka nayo Jumatatu.

Kule chuoni afisa aliipokea, akaisoma, akafungua faili akatoa barua nyingine. Kulikuwa na mwanafunzi mwingine wa kutoka huku kwetu ambaye baba yake alilazwa kweli mwaka huo. Barua yake ilikuwa ya taipureta, herufi moja juu moja chini, zile zenye tundu zimejaa wino, nusu karatasi, imesainiwa na kalamu iliyokuwa inaishiwa. Hivyo ndivyo hospitali zetu zilivyokuwa zinaandika. Hakukuwa na hospitali hapa iliyokuwa na kompyuta ya kuchapa barua ya mgonjwa, na sisi watatu, kati ya watu wote wa mji huu, ndio tuliotakiwa kulijua hilo, maana tulijua kila kompyuta ilipo. Halikutupitia akilini. Mimi, mtu niliyesomea uhazili, niliyegonga taipureta mpaka vidole vikaota sugu! Afisa aliziweka barua mbili mezani pamoja, akamwambia, keti. Kisha wakaiandikia hospitali.

Walimwita kwenye kamati. Alifukuzwa kwa kosa la kughushi. Alipoulizwa nani alichapa, alisema ni yeye. Na afisa yuleyule, walipokuwa wanatoka, alimwambia kwamba angekuja bila barua yoyote wangemwambia arudie mwaka.

Hayo alinisimulia stesheneri, siku aliyopita kwenda kwao, sanduku la bati liko miguuni. Hakunilaumu. Ningepewa nafasi ya kuchagua ningechagua lawama. Aliniomba kitu kimoja tu: "Mama asijue kwanza. Bado analipa. Akijua sasa hivi ataishiwa nguvu, na mkopo haujaisha." Nikakubali. Nilijiambia ni kwa ajili ya Mama, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kumwambia Mama nilichofanya. Niliogopa mpaka alipokufa.

Stesheneri ilifungwa mwaka huohuo. Kompyuta tuliiuza, hela ikaingia kwenye rejesho kama jiwe kisimani. Yule mrefu alikwenda Mbeya, akapotelea huko. Mama akabaki analipa. Alikopa kulipa mkopo, akakopa tena, aliongeza vitumbua juu ya maandazi, alifua nguo za watu, miguu ikaanza kuvimba. Kila Jumatano alikwenda kikaoni na kurudi. Siku moja alipoulizwa fotokopi iko wapi, aliwaambia ukweli, kwamba hela ilikwenda kwenye ada ya mtoto. Mama yangu wa ubatizo alilia, akaomba msamaha kwa ajili ya makochi, lakini yalikuwa yameshauzwa. Na kule Nalasi mwenzetu alikuwa anapalilia mikorosho. Ile sehemu ya serikali nayo ilikuwa inamsubiri, ile aliyokopeshwa kwa mwaka mmoja aliosoma bila cheti. Barua ya kudaiwa ilikuja kwenye sanduku la posta alilokuwa anatumia, la baba yangu mdogo. Nikampelekea mwenyewe. Akaisoma akaikunja akaiweka kwenye daftari.

Mwaka ambao angemaliza chuo, Mama alilipa rejesho la mwisho. Alirudi kutoka kikaoni anatembea taratibu, akakaa, akasema, "Nimesomesha." Halafu akasema tumwite kijana, lazima ashukuriwe Mungu. Nikamtumia ujumbe Nalasi kwa dereva wa lori, nikiomba asiupate. Alikuja. Alikuwa ameazima koti kwa mtu, mikono mifupi, na viganja vilikuwa vimepasuka kwa jembe. Mama alivishika viganja vile, akaviangalia, akasema, "Umemsaidia baba shamba, vizuri, usomi usikufanye uache jembe."

Alichinja jogoo, akapika wali na samaki mbasa wa Ziwa Nyasa, akawaita wale wanawake wanne. Tulikaa kwenye mikeka. Baada ya kula Mama akamsimamisha. "Sasa waeleze wenzangu ulichosoma," akasema, "maana na wao wamekilipia."

Nilikuwa mlangoni. Nikasema hapa ndipo. Nilifikiri atasema ukweli, na nilitamani aseme, niache kuubeba. Akatazama chini kidogo. Kisha akaomba ungo na maharage.

Akachuchumaa akamuuliza mwenyekiti miaka yake. Hamsini na tatu. Akawaeleza kwamba kompyuta haijui kusoma, inajua mambo mawili tu, kipo na hakipo. Akaweka harage, harage, akaacha nafasi, harage, nafasi, harage. La kulia ni moja, akasema, kila ukienda kushoto unazidisha mara mbili, jumlisheni yaliyopo. Wakahesabu kwa vidole, wanawake wanne waliozoea kuhesabu kila Jumatano, na ikaja hamsini na tatu kamili. Wakapiga kelele. Wakataka na yao. Akawaandikia wote kwa maharage, akawaeleza jinsi mashine inavyoandika jina la mtu, picha ya mtu, sauti ya mtu, kwa kipo na hakipo tu, na macho yake yakawa yale ya zamani. Alieleza vizuri sana. Mwaka mmoja tu alipewa, na alikuwa hajasahau hata kitu.

Mama alikuwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. "Mmeona?" akawaambia. "Makochi yangu hayo mnayaona yanavyoongea."

Wakaangua vigelegele wote wanne. Yeye bado amechuchumaa mbele ya ungo, hatazami mtu. Mama akageuka akaniona.

"Na wewe umekunja sura hapo mlangoni, hasira zako hazina hata siku ya kupumzika? Mwenzako amemaliza. Mpigie kigelegele."

Nikapiga kigelegele. Kilitoka kirefu na kizuri, mpaka wote wakageuka kunitazama.